Wanangu, Mwingereza Naye Hufiwa

Nimelisema jambo hili harusini, nimelisema kwenye simu usiku wa manane, nimelisema hata nikiwa nimelazwa mwenyewe na dripu mkononi, na najua kesho nitaulizwa tena. Basi leo naliandika. Anayetaka asome, na asiyetaka aendelee kunipigia.

Swali huwa lilelile. "Shangazi, mama wa mwenzangu kazini amefariki. Nimwambieje kwa Kiingereza?" Anayeuliza hivyo simlaumu, ana nia. Wanaonichosha ni wale wasiouliza. Mfiwa akirudi kazini wao hugeuza njia, huingia stoo kutafuta glavu ambazo zimejaa mfukoni mwao, huinamia simu. Wanaishi hivyo wiki mbili mpaka mambo yapoe, halafu wanaanza kumsalimia kana kwamba hapakutokea kitu. Ukiwashika mkono ukawauliza, wanakwambia: Shangazi, Kiingereza changu kibovu, naogopa kukosea.

Mwanangu, mfiwa hasahihishi insha. Mwandishi C. S. Lewis alifiwa na mkewe Julai 1960, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kidogo juu ya huzuni yake, A Grief Observed, akijificha nyuma ya jina la kubuni. Humo anaeleza alivyowaona watu wakimjia huku wanapiga hesabu kichwani: tuseme, tusiseme? Akakiri kwamba wakisema alichukia, na wasiposema alichukia vilevile. Na wale hawakuwa wageni waliojifunza lugha kwa shida, walikuwa Waingereza wenyewe, wenye Kiingereza chao tangu tumboni. Kwa hiyo huo ububu mnaoudhani ni wa kukosa msamiati, wenyeji nao wanao. Na hiyo chuki aliyoitaja isiwatishe. Mfiwa huchukia mengi siku zile, hata mlio wa kengele ya mlango. Baadaye hukumbuka nani alisimama mbele yake na nani alikwepa.

Kwetu mtu anaweza kwenda msibani asitamke neno moja la maana na bado akawa amehani. Anavua viatu, anasema poleni na msiba, au makiwa kama ni mtu wa pwani wa zamani, anaongeza kwamba ni kazi ya Mungu, anakaa mkekani. Saa mbili, saa tatu. Wanawake wako uani wanamenya vitunguu na kuchagua mchele, wanaume wako chini ya turubai, mmoja ana daftari la rambirambi. Jioni anaondoka na hakuna atakayeuliza alisema nini. Maneno yetu ya msibani yamechakaa kwa kutumika na hayatudai kitu, kwa sababu kazi yenyewe imefanywa na watu kuja, kujaa na kulala pale.

Uingereza hakuna mkeka. Mtu amefiwa na mama yake Jumanne, Alhamisi yuko peke yake jikoni anasubiri simu ya ofisi ya mazishi. Sheria ya England inamtaka akasajili kifo ndani ya siku 5 (Scotland ni siku 8), kisha anasubiri nafasi, na mazishi yenyewe yanaweza kufika baada ya wiki mbili, tatu, au zaidi. Sisi ambao maiti wetu hazikwi kesho ila leo, tunaona kama mateso, na mimi bado naona hivyo. Siku zote hizo nyumbani kwake hapajai mtu. Kile ambacho kwetu hufanywa na mtaa mzima, kule kimeachiwa sentensi mbili na kadi moja. Ndiyo maana nawasumbua. Sentensi zile zimebebeshwa mzigo ambao zetu hazijawahi kuubeba.

Wala hawakuwa hivi zamani. Malkia Victoria alifiwa na mumewe Desemba 1861 akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1901, na raia wake nao walikuwa na taratibu zao: karatasi za barua zenye ukingo mweusi, mapazia yaliyoshushwa, na miezi ya msiba ambayo ilihesabiwa kwa mavazi. Vita Kuu ya Kwanza ikala vijana wengi mno, wengi wakazikwa ng'ambo, na taratibu zile zikalegea. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Geoffrey Gorer alifiwa na ndugu yake, akawa anakataa mialiko ya karamu na kusema waziwazi kwamba yuko msibani. Waliomwalika walishtuka kama waliotukanwa. Akaamua kuwahoji Waingereza wenzake, akatoa kitabu mwaka 1965, na alichokuta ni wafiwa walioachwa wajikokote wenyewe na majirani wasiojua pa kuanzia. Basi mkimwona Mwingereza amekauka mbele ya mfiwa, msikimbilie kusema hana moyo. Wazee wake hawakumwachia utaratibu.

Haya, maneno. Ukikutana na mfiwa kwa mara ya kwanza tangu msiba, simama, mtazame, sema: "I'm so sorry about your mum." Basi. Usikimbie baada ya hapo, wala usiongeze. Nyamaza, umpe nafasi aseme au asiseme. Wengine hutumia "I'm sorry for your loss", na halina ubaya, ila hilo husemwa na polisi, na benki, na yule wa kampuni ya simu anayefunga laini ya marehemu, kwa hiyo limepoa kidogo. Ukimtaja marehemu, kwa jina lake au kwa uhusiano wake, unakuwa umeonyesha kwamba unajua ni nani aliyekufa. Najua baadhi yenu mlishachekwa kwa kumwambia mtu "sorry" alipojikwaa, mkajibiwa kwamba si kosa lenu. Msibani hawatawajibu hivyo. Pale neno hilo linafika.

Kisha kuna mizigo ya kwetu ambayo msivuke nayo bahari.

Kwetu mgeni akikaa tu huuliza: alianza kuumwa lini? Na mfiwa husimulia tangu homa ya kwanza hadi usiku wa mwisho, na akija mgeni mwingine husimulia upya, na kwa kusimulia anapata ahueni. Nimeona wajane wakisimulia mpaka sauti ikakauka, na ilikuwa dawa. Mwingereza ukimuuliza hivyo koridoni ataona unampekua. Akianza mwenyewe kusimulia, hapo msikilize mpaka mwisho hata kama zamu inaanza, maana pengine wewe ndiye wa kwanza kumpa nafasi hiyo.

Kazi ya Mungu nayo. Mimi ni mtu wa swala, na nitakufa na imani yangu, lakini sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilikuta waliojiita Wakristo wameshuka chini ya nusu ya watu wote, na zaidi ya theluthi wakasema hawana dini. Mtu asiyeamini ukimwambia Mungu amempenda zaidi, umemwambia kuna mtu amemnyang'anya mama yake kwa makusudi. Kama hujui dini ya mtu, muombee nyumbani kwako. Dua haihitaji asikie.

Na jikaze, na usilie, na wewe ni mwanamume. Hata kwetu sikuyapenda.

Na lile la umri. "Lakini alikuwa na miaka 91, Shangazi." Ndiyo, na huyo binti amekuwa na mama kwa miaka 60, hajui kuishi bila yeye. Waingereza wenyewe hupenda kufungua sentensi kwa "at least", angalau hakuteseka, angalau aliishi sana, kisha hushangaa mfiwa akigeuza uso. Hilo msiwaige.

Pia msiulize maiti inazikwa lini. Uliza "funeral" ni lini, maana zaidi ya robo tatu ya wanaokufa Uingereza huchomwa. Walianza rasmi huko Woking mwaka 1885, wakati huo ikiwa kashfa, na leo ndiyo kawaida. Kama moyo wako unasisimka kwa jambo hilo, usiuonyeshe usoni.

Sasa nije kwenye nyumba za wazee, maana ndiko wengi wenu mliko. Mlianza kuja kwa wingi Februari 2022 ilipofunguliwa viza kwa watunzaji, na mlango huo ukafungwa tena Julai 2025. Karani wa benki huhani mara moja kwa mwaka. Ninyi kifo mnakutana nacho zamu ya usiku. Bibi amekata roho saa kumi alfajiri, muuguzi amethibitisha, mmemfuta uso, mmemchana nywele, mmemvika gauni safi la kulalia na kunyoosha shuka. Saa mbili asubuhi binti yake anaingia, koti halijafungwa vifungo, funguo za gari bado ziko mkononi. Meneja hajafika. Aliyesimama koridoni ni wewe, na trei ya vikombe.

Wengi wenu hapo mnatazama chini na kumwelekeza kwa muuguzi. Mambo ya dawa na sababu ya kifo ni ya muuguzi kweli, hayo msiyaguse. Lakini wewe una kitu ambacho muuguzi na meneja hawana. Wewe ndiye uliyekuwa ukimlisha. Kama ulikuwepo alipokufa, mwambie: "I was with her. She wasn't on her own." Kama hukuwepo, usidanganye hata kwa huruma, kwa sababu atakuuliza swali la pili na la tatu na utaanguka. Mwambie unachokijua. Kwamba alikuwa akikugombeza kila asubuhi kwa chai nyepesi. "She always told me my tea was too weak." Ukisema "she always tell me", binti hatalisikia hilo kosa. Atamsikia mama yake akigombeza, na huenda akacheka na kulia kwa pamoja, nawe usiogope kucheka naye. Sentensi hiyo atakwenda nayo nyumbani na kuirudia kwa kaka yake, na pengine itasomwa siku ya mazishi.

Hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachokufundisha sentensi hiyo. Inabidi uwe umemjua marehemu.

Tatizo jingine ni la waliosoma. Hao Kiingereza wanacho, tena kingi, ila ni kile cha matangazo ya vifo ya magazeti ya Nairobi, ambako mtu hafi, hupandishwa utukufuni, na familia hutangaza kwa kukubali kwa unyenyekevu mapenzi ya Mungu. Nairobi Kiingereza hicho ni sahihi kabisa na mtu hujisikia ameheshimiwa. Ukikipeleka kwenye kadi ya jirani wa Northampton, atadhani umenakili mahali. Vilevile ile "receive my condolences", ambayo ni pokea rambirambi zangu iliyovalishwa suti, kwake inasikika kama amri. Na jamani, barua tulizofundishwa shuleni! Nimeona kadi ya msiba iliyofunguliwa kwa kutumaini kwamba inamkuta mfiwa akiwa mzima wa afya, na kufungwa kwa "Yours faithfully", kama anayeomba kazi ya ukarani. Siku hizi imeongezeka dawa ya uvivu: mnaiambia programu ya simu iandike, inatema aya tatu laini zisizo na jina la mtu wala kikombe cha chai.

Kadi zinauzwa kila duka kubwa, zimeandikwa "With Sympathy" juu. Chukua isiyo na shairi ndani, kwa sababu shairi litakula nafasi yako. Andika kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Jina la mfiwa, pole yako kwa sentensi moja, kitu kimoja unachokumbuka juu ya marehemu au juu ya mfiwa akimzungumzia, jina lako. Kama mfiwa hakufahamu vizuri, eleza wewe ni nani: yule wa zamu ya usiku ghorofa ya pili. Ukifika mistari sita, acha. Ujumbe wa simu si dhambi, na siku ya kwanza ndio unaofaa, ila ujumbe huzama chini ya matangazo, na kadi husimama dirishani mwezi mzima.

Mkitaka kuona barua ya namna hii iliyoandikwa vizuri, tafuteni ile ya Abraham Lincoln ya tarehe 23 Desemba 1862 kwa msichana Fanny McCullough, ambaye baba yake aliuawa vitani mwezi huohuo. Rais yuko katikati ya vita, na miezi kumi nyuma alimzika mtoto wake mwenyewe, Willie. Anamwambia msichana kwamba huzuni humfika kila mtu, na kwa kijana huwa chungu zaidi kwa sababu hakuitarajia. Anamwambia kwamba sasa hivi hawezi kuamini kama atapata nafuu, na kwamba ataipata, na yeye anayesema anajua kwa yaliyomkuta. Ukimwambia mfiwa wa leo kwamba wakati utaponya, atakasirika, na atakuwa na haki. Lincoln aliweza kwa sababu alimjua baba, na kwa sababu alizungumza kama mtu aliyekwisha pita pale. Kama hujapita, usiahidi.

Ile nyingine ya Lincoln inayosifiwa zaidi, ya Novemba 1864 kwa mjane Lydia Bixby wa Boston, inampa pole kwa wanawe watano waliokufa vitani. Baadaye ikaonekana waliouawa ni wawili, na wapo wanaobisha hata kama Lincoln ndiye aliyeishika kalamu, wakisema ni ya karani wake John Hay. Kiingereza chake ni cha kupendeza mno. Mimi naitumia kuwafundisha kitu kidogo tu: kabla hujaandika, hakikisha ni nani aliyekufa. Mama au mama mkwe? Anaitwa Jean au Joan? Uliza mtu wa tatu. Kosa la sarufi husamehewa papo hapo, kosa la jina linabaki pale kwa wino.

Mkishasema, mfanye. Kila Mwingereza humwambia mfiwa amjulishe akihitaji lolote, na mfiwa hajulishi mtu. Wewe taja kitu. "I can do your Thursday shift." Au mpelekee chakula katika chombo usichokihitaji tena, umwambie asihangaike kukirudisha. Pilau yetu hupokewa vizuri, punguza pilipili. Bahasha ya pesa usimpe mkononi, atachanganyikiwa asijue kama unamlipa deni. Tangazo la mazishi mara nyingi husema maua ni ya familia tu na anayetaka achangie shirika fulani la hisani, labda la saratani au la moyo. Rambirambi yako iende huko.

Siku yenyewe, fika mapema. Mahali pa kuchomea maiti kila familia ina muda wake, mara nyingi nusu saa au dakika 45, na mtasimama nje mkisubiri msiba wa mbele yenu utoke. Soma tangazo kabla ya kuvaa, maana wapo wanaoomba watu waje na rangi alizopenda marehemu. Simu ibaki mfukoni. Sisi tuna wapiga picha hadi kaburini na hakuna anayeshangaa, kule watashangaa. Mwishoni wafiwa husimama mlangoni, unapita, unashika mkono, unasema sentensi moja ileile niliyowapa mwanzo, unaendelea mbele. Foleni iko nyuma yako. Ukialikwa chai na sandwichi baada ya hapo, nenda, hata dakika 20. Huko ndiko wanakokusimulia.

Na baada ya mazishi wote hupotea. Andika tarehe ya kifo kwenye simu yako. Mwaka ukizunguka, mtumie mstari mmoja kwamba unamkumbuka siku hiyo pamoja na mama yake. Sisi tuna arobaini, tuna hitma, tuna misa ya mwaka. Wengi wao hawana siku iliyopangwa ya kutajiwa marehemu wao.

La mwisho ni zito kidogo. Siku itafika simu italia kutoka Tanga au Kisii, na mfiwa utakuwa wewe. Ukimwendea meneja usianze kwa salamu ndefu. "My mother has died. I need to go home." Jua pia sheria imekaa wapi: tangu Aprili 2020 mzazi aliyefiwa na mtoto wa chini ya miaka 18 ana wiki mbili za likizo, lakini aliyefiwa na mzazi hana haki ya namna hiyo ya siku zenye malipo, anategemea mkataba wake na utu wa mwajiri. Usome mkataba wako leo, ukiwa na akili zako.

Wenzako watakujia na sentensi moja kavu, kisha watageuka kwenda zao. Usiite hiyo dharau. Jibu "Thank you, that's kind", inatosha. Wengine hawatamtaja mama yako kamwe, kwa kuogopa kukukumbusha, kana kwamba umesahau. Mtaje wewe kwanza, utaona wanavyoshusha pumzi na kuanza kuuliza. Utakuta pia bahasha kabatini mwako, ndani kuna kadi iliyojaa majina, mengine yana neno moja tu pembeni, na huenda kuna noti zilizokunjwa. Kila jina pale ni mtu aliyesimama na kalamu akiogopa kukosea. Ukirudi kazini andika kikaratasi cha shukrani, mistari miwili, umtaje mama yako kwa jina lake kamili na useme amezikwa wapi. Kibandike chumba cha chai, juu ya birika la umeme, ndipo wote wanapopita.